Gari la taka halipandi mlimani kwetu: tumuulize nani?

Swali: Shikamoo mzee. Naishi mtaa wa mlimani hapa Nyamagana, juu kabisa ya barabara ya lami. Kila mwezi tunalipa ada ya taka, lakini gari halipandi huku, na kijana wa toroli anakuja wiki hii, wiki ijayo haonekani. Mvua ikianza tu, majirani wanamwaga viroba mtaroni. Nilikwenda kwa mwenyekiti akanituma kwa bwana afya, bwana afya akasema hilo ni la mkandarasi, mkandarasi hapokei simu. Nani hasa anahusika? Na hela yetu inakwenda wapi? (Mama wa watoto watatu, Mwanza)

Marahaba, mwanangu. Nimekuwa bwana afya katika halmashauri za Kanda ya Ziwa tangu nikiwa kijana wa pikipiki hadi nilipostaafu, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hiyo safari yako ya ofisi tatu. Hao uliowaendea hawakukudanganya. Kila mmoja alikueleza kipande chake na kunyamazia vya wenzake. Taka ya mlimani hupita mikono mingi kabla haijafika dampo, na karibu kila mara hukwama kwenye makabidhiano, pale mkono mmoja unapopaswa kuupa mwingine. Ukishajua makabidhiano hayo yako wapi, hutazunguka tena ofisini ukitumwa huku na kule.

Asubuhi moja ya masika nilikwenda kukaa juu ya jiwe, karibu na ghuba, yaani mahali pa kukusanyia taka zikingoja gari, la mtaa mmoja wa mlimani uliokuwa ukilalamikiwa sana. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Kijana wa toroli alianza kazi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Toroli lenyewe halikuweza kupita katikati ya mawe, kwa hiyo aliliacha chini kwenye kona, akapanda kwa miguu, akateremka na viroba kichwani, kimoja kimoja vile vizito, viwili viwili vile vyepesi. Nilimpimia kwa saa yangu: dakika kumi na mbili kupanda na kushuka. Gari lilifika saa moja na nusu. Wapakiaji wakapakia walichokikuta, dereva akapiga honi mara mbili, akaondoka, maana alikuwa na maghuba mengine matatu ya kupitia kabla ya kushika barabara ya Shinyanga kwenda dampo la Buhongwa. Kijana alipotokea na viroba vya nyumba za juu kabisa, ghuba lilikuwa halina gari. Akaviweka chini, angefanya nini? Saa nne mbwa walikuwa wameshavichana, na wale ndege korongo wenye upara wamesimama pembeni wakingoja zamu yao. Saa nane mvua ikashuka. Jioni mtaro ulikuwa umejaa maganda, pampasi na chupa, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuwa amemwaga kitu humo siku hiyo.

Yule kijana aliamka mapema. Dereva alifika kwa saa aliyopangiwa. Ratiba ilikuwa imepangwa mezani na mtu ambaye hakuwahi kuhesabu zile dakika kumi na mbili. Tuliposogeza saa ya gari kutoka saa moja na nusu hadi saa nne kasorobo, bila kuongeza gari wala shilingi, siku ambazo ghuba lile lilibaki tupu zikawa nyingi kuliko zile lilizobaki na uchafu. Nakuambia hili kwanza kwa sababu watu wengi huanza na madai ya gari jipya. Gari halitapanda kwenu, mwanangu. Kati ya mawe yale hakuna njia ya gari na pengine haitakuwepo. Kinachoweza kubadilika ni saa, ghuba na mtu wa kubeba.

Sasa hela. Chukua mfano wa mtaa wenye kaya 600, na tuseme ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Weka kiwango chenu halisi mahali pake, hesabu ni ileile. Wote wakilipa, mtaa unatoa shilingi 1,200,000. Lakini katika mitaa niliyoisimamia, kulipa wote nilikuona kwenye makaratasi tu. Wakilipa kaya nne katika kila kumi, inabaki shilingi 480,000. Upande wa mzigo, mtu mmoja mjini kwetu hutoa takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Kaya 600 zenye watu wanne au watano kila moja zinatoa zaidi ya tani moja kila siku, karibu tani tisa kwa wiki. Gari la tani saba halibebi tani saba za taka, maana taka ya nyumbani hujaza bodi kabla haijafikisha uzito. Kwa hiyo mtaa huo unahitaji angalau safari mbili kwa wiki, nane kwa mwezi. Gawanya 480,000 kwa nane: shilingi 60,000 kwa safari. Kwa bei za miaka hii hiyo ni kama lita 20 za dizeli, na hapo hujamlipa dereva, wapakiaji, kijana wa toroli, wala hujanunua tairi. Mkandarasi akifika hapo huanza kuruka safari. Safari zikirukwa, watu wanagoma kulipa. Wakigoma, anaruka zaidi. Nimeona mitaa ikizama hivyo kwa miezi minne tu.

Simtetei mkandarasi asiyepokea simu. Amesaini, na aliyesaini anadaiwa. Nataka tu ujue kwamba swali la "hela yetu inakwenda wapi" lina nusu mbili: iliyolipwa ilikwenda wapi, na ambayo haikulipwa ni kiasi gani. Mkutano unaouliza nusu ya kwanza peke yake huishia kwenye kelele. Na usimpe mtu yeyote ada bila risiti. Kama mkusanyaji ni wa halmashauri, dai risiti ya mashine ya POS. Kama ni kikundi au kampuni, dai risiti yenye jina lao na mwezi unaolipiwa. Hela iliyotolewa mlangoni bila risiti hata mimi ningeshindwa kukufuatilia.

Nije kwenye ofisi. Kwanza hakikisha mko upande upi. Tangu Ilemela ilipopata halmashauri yake mwaka 2012, jiji letu lina halmashauri mbili, na gari la upande mmoja halina kazi upande wa pili hata kama kati yenu ni kichochoro tu. Isamilo ni Nyamagana, ukiteremkia Kirumba uko Ilemela. Watu wa mipakani wamepoteza miezi wakilalamika kwa halmashauri isiyo yao. Wewe umesema Nyamagana, basi mkataba wa taka zenu uko Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na anayeusaini kwa niaba ya halmashauri ni mkurugenzi.

Mwenyekiti wa mtaa mlimchagua wenyewe. Hana gari, hana bajeti ya taka, na hawezi kumkata mkandarasi malipo. Alicho nacho ni mkutano wa hadhara, na mkutano huo ukiutumia vizuri una nguvu kuliko barua kumi. Mtendaji wa mtaa ndiye mwajiriwa wa halmashauri hapo mtaani, ndiye mwenye ofisi, muhuri na orodha ya kaya. Afisa afya wa kata, yule mnayemwita bwana afya, ndiye jicho la kitaalamu: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinampa nguvu ya kukagua, kuamuru na kutoza. Anaweza kumbana mwananchi anayemwaga taka, na anapaswa pia kuandika taarifa ya mkandarasi asiyefika. Hii ya pili ndiyo husahaulika. Diwani anakaa kwenye Baraza la Madiwani, mahali zinakopitishwa sheria ndogo, viwango vya ada na bajeti. Bajeti ya mwaka unaoanza Julai hupikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la kontena jipya linalopelekwa mwezi wa sita limechelewa; lipeleke kabla ya Desemba kuisha.

Karatasi moja ndiyo inayowaunganisha wote hao, nayo ni ule mkataba. Humo mna mitaa, siku, idadi ya magari na adhabu ya kutofika. Hamhitaji kuushika mkononi. Mwombeni mtendaji ukurasa wenye ratiba ya mtaa wenu, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa. Ratiba ikishabandikwa ukutani, bwana afya hawezi tena kukujibu kwa ujumla.

Mtaro ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wa milimani wanapochanganyikiwa zaidi. Mtaro unaoandamana na barabara zenu za mitaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Ule wa barabara kuu, kama Kenyatta inayokwenda Shinyanga au Nyerere inayokwenda Musoma, ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Bomba la majitaka likipasuka au chemba ikifurika, ni MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza. Taka iliyomo ndani ya mtaro inarudi kwa halmashauri na mkandarasi wake wa usafi. Kwa hiyo mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu: aliyejenga kuta, anayezoa uchafu, na mwenye maji machafu yanayopita humo. Ukipeleka malalamiko, sema ni kipi kati ya hivyo vitatu kimeharibika. "Mtaro wetu mbovu" humtuma kila mmoja kumtazama mwenzake. "Mtaro umebomoka ukuta wa kushoto mita kumi kutoka dukani" humtoa mtu wa TARURA ofisini.

Na miamba yetu hii, ambayo wageni huipiga picha, haina huruma kwa mtaro. Mvua ikipiga jiwe, hainywewi na ardhi. Inateremka yote, kwa kasi, na mchanga wake. Kiroba kimoja kikikaa chini ya kalvati, mchanga hukizibia, na mvua inayofuata maji huhamia sebuleni kwa mtu wa chini. Kinachopita hapo kinaingia Mto Mirongo, na Mirongo haupeleki mbali: unakatiza katikati ya mji na kumwaga ziwani. Maji tunayokunywa yanatoka ziwa hilohilo, kwenye chanzo cha Capri Point na kile kipya cha Butimba kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Nimehudumia kambi za kipindupindu. Nimemshika mkono mama aliyeingia asubuhi akitembea, na jioni macho yamedidimia, ngozi ya mkono ukiibana hairudi. Nikiona kiroba mtaroni, ndicho ninachokiona.

Lakini nikiri jambo. Mwaka wangu wa tatu kazini niliandikia faini kaya karibu arobaini katika mtaa mmoja kwa kumwaga taka mtaroni. Nilijiona nimefanya kazi. Bibi mmoja akaja ofisini na risiti zake za miezi mitano zimefungwa kwenye pembe ya khanga, akazikunjua juu ya meza yangu moja moja, akaniuliza gari limekuja lini mara ya mwisho. Sikujua. Nilipokwenda kuuliza, lilikuwa na wiki tatu halijafika. Nikarudi nyumba kwa nyumba kufuta zile faini, na katika kazi yangu yote sijawahi kupanda mlima mrefu kama ule. Tangu siku hiyo sikumtoza mtu faini ya taka kabla ya kujua gari limefika au halikufika.

Kutokana na risiti za bibi yule ndipo nilipoanzisha daftari la ghuba, na hili ndilo ninalotaka mlianzishe. Ni daftari la kawaida la shule, safu nne: tarehe, saa, namba ya gari, sahihi. Linakaa kwa mtu anayeishi karibu na ghuba, mwenye duka au mama lishe anayeamka mapema. Gari likifika, anaandika, dereva anasaini. Lisipofika siku ya ratiba, anaandika halikufika. Mwisho wa mwezi mtendaji anagonga muhuri, nakala inakwenda kwa afisa afya wa kata na kwa diwani. Mkandarasi anapokuja kudai kwamba alifanya safari nane, daftari linasema tano. Na siku wananchi wanapodai hapakuja gari mwezi mzima, daftari linasema lilikuja mara sita. Linawabana wote wawili. Ndiyo maana pande zote mwanzoni hawalipendi.

Jambo moja msilifanye, ingawa linavutia: kungoja ziara ya kiongozi mkubwa mkamwonyesha mrundikano. Gari litakuja siku hiyohiyo, pengine na sururu na greda. Nimekuwa upande wa pili wa simu hiyo mara nyingi. Gari lile huwa halitoki mbinguni. Linatolewa kwenye ratiba ya mtaa mwingine, na wiki inayofuata wale ndio wanaolalamika huku ninyi mkirudi mlipokuwa. Mrundikano unaondoka, saa mbovu ya gari inabaki palepale.

Yule kijana wa toroli nadhani ndiye mnayemwonea zaidi, mnisamehe. "Wiki hii yupo, wiki ijayo haonekani" mara nyingi maana yake hajalipwa, au anaumwa mgongo, au toroli limevunjika ekseli. Muulizeni analipwa na nani, kwa mwezi au kwa kiroba. Akiwa na wenzake wakasajili kikundi, wanaweza kuomba ule mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Guta moja la kusubiri kwenye kona, na watu wawili wa kubeba kutoka juu badala ya mmoja, kwa hesabu ya zile dakika kumi na mbili, hubadilisha asubuhi nzima. Na msiseme mlima hauhudumiki. Mitaa ya Igogo na Mabatini ilipata mabomba madogo ya majitaka yaliyopitishwa katikati ya nyumba, juu ya mawe, mahali ambapo kwa miaka mingi tuliambiwa haiwezekani.

Nyumbani kwako kuna mambo mawili. Mchanga wa kufagia uani usiutie kwenye kiroba. Najua unaonekana ni uchafu, lakini ndio unaofanya kiroba kimoja kiwe kizito kama cha saruji, na kijana anakilipia kwa mgongo wake. Uzibie nao shimo la njia. Pili, maganda ya ndizi, mihogo na viazi yatenge kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Mitaa ya mlimani haikosi mfuga mbuzi au nguruwe, atayapitia mwenyewe jioni. Ukiondoa mchanga na maganda, kinachobaki kwenye kiroba ni kidogo, kikavu, na hata kikikosa gari siku moja hakinuki wala hakiiti mbwa. Pampasi funga peke yake, na kamwe usiiteremshe na maji ya mvua.

Mimi ningeanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, siku ya usafi. Watu watakuwa nje na mafagio, mtendaji atakuwepo, na afisa afya wa kata kwa kawaida hupita. Nenda na wenzako wawili watatu waliolipa, mkiwa na risiti zenu. Ombeni mambo matatu tu: ratiba ibandikwe, saa ya gari ipimwe upya kwa kumfuata kijana wa toroli asubuhi moja, na daftari likubaliwe. Daftari nunua mwenyewe kabla ya kwenda, uzichore safu zake tayari, na uwe umeshaanza ukurasa wa kwanza kwa wiki mbili zilizotangulia. Siku ambayo gari halikuja, usiache nafasi tupu. Andika tarehe, kisha andika: halikufika.